Marejeo ni Amana, Si Mapambo

Mwanachuo mmoja alituletea muswada wa makala kuhusu kufundisha kusoma katika Darasa la Kwanza. Kazi yenyewe ilikuwa njema. Wakati wa mazoezi ya kufundisha aliwaona watoto wakishindwa kuunganisha silabi, akabuni njia ya kuwasaidia, akaieleza kwa lugha iliyo wazi. Lakini karibu kila ukurasa ulikuwa na maneno "wataalamu wanasema". Tulipomwuliza ni wataalamu gani, na wamesema katika kitabu kipi, alijibu kuwa alivisoma vitabu hivyo muhula uliotangulia, akavirudisha maktabani, na majina hayakumbuki tena. Makala yale hayakuchapishwa. Tulisikitika, maana kilichokosekana hakikuwa akili wala juhudi, bali mistari michache ambayo ingeandikwa kwa dakika mbili siku kitabu kilipokuwa mezani. Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari.

Ndugu wanachuo, yako mawazo mawili juu ya marejeo ambayo hatukubaliani nayo. La kwanza ni kwamba marejeo ni mapambo ya wasomi wa vyuo vikuu, na kwamba mwalimu wa shule ya msingi hayamhusu. La pili ni kwamba marejeo ni kanuni za mikato na nukta, za kukaririwa kama jedwali la kuzidisha. Mawazo yote mawili yanasahau kazi ya marejeo.

Kazi hiyo twaijua sote kutokana na somo la hesabu. Mtoto akiandika jibu tupu, mwalimu humwambia: onyesha njia. Si kwamba jibu ni baya. Huenda ni sahihi kabisa. Lakini bila njia hatuwezi kujua kama amelipata kwa kufikiri, kwa kubahatisha, au kwa kuchungulia daftari la jirani. Marejeo ndiyo njia ya mwandishi. Kwayo mwenye wazo hupewa haki yake, na msomaji huweza kwenda mwenyewe hadi kwenye chanzo akahakikishe. Itakuwa ajabu mwalimu adai kwa mtoto wa miaka tisa jambo ambalo yeye mwenyewe halitimizi.

Ama kuhusu namna ya kuyaandika, yafaa ieleweke kwamba kanuni hizi zimetungwa na watu, na hubadilika. Desturi ya kutaja jina la mwandishi na mwaka katika mabano inanasibishwa na Edward Laurens Mark, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika makala yake ya mwaka 1881. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipoanza kutoa mwongozo wake mwaka 1929, ulikuwa wa kurasa 7 tu. Toleo la saba, la mwaka 2019, lina kurasa zaidi ya 400. Majarida mengine hupendelea tanbihi chini ya ukurasa. Kwa hiyo hakuna haja ya kugombana juu ya nukta. Soma maagizo ya jarida unaloliandikia, uyafuate, na ushike mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Lakini viungo vya rejeo havibadiliki sana: mwandishi, mwaka, jina la kitabu, mahali kilipochapishwa, na mchapishaji. Tuchukue mfano: Robert, Shaaban (1951) Kusadikika. London: Nelson. Katika orodha, jina la kitabu huandikwa kwa herufi za mlazo, au hupigiwa mstari katika kazi ya mkono. Ukinukuu maneno yenyewe, taja na ukurasa. Hapo pana mtego: kitabu hicho kimechapishwa tena na tena, na kurasa za chapa moja si lazima zilingane na za nyingine. Basi andika mwaka wa chapa uliyoishika mkononi, wala si ule uliousikia darasani.

Vivyo hivyo kwa kazi za taasisi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981, na toleo la pili likatoka mwaka 2004. Mwandishi asemaye tu "kamusi inasema" hajatuambia lolote, kwa kuwa maana ya neno yaweza kutofautiana katika matoleo hayo. Majina ya watu nayo yataka uangalifu. Kwa maoni yetu, majina yenye bin au binti yasipinduliwe: Siti binti Saad abaki hivyo katika orodha, wala asigeuzwe kuwa "Saad, S.", kwani Saad ni baba yake.

Liko deni jingine ambalo aghalabu halilipwi. Wengi wenu hukusanya vitendawili, ngano na nyimbo za watoto vijijini ili kuzitumia darasani. Mzee aliyekaa nanyi jioni nzima akisimulia ni chanzo kama kitabu kilivyo. Mwombeni idhini, kisha andikeni jina lake, kijiji chake, na tarehe ya mazungumzo. Kuitoa ngano yake na kuandika chini yake jina la mkusanyaji peke yake ni dhuluma, hata ikiwa hakuna sheria iliyovunjwa.

Huenda mtu akasema kwamba siku hizi kompyuta huyapanga marejeo yenyewe. Ni kweli, na programu hizo zina faida. Lakini zipo pia programu ziandikazo kama mtu, ambazo huweza kubuni marejeo ya kazi zisizokuwapo, yakiwa na jina, mwaka na ukurasa. Mwaka 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha kesi za kubuniwa walizozipata kwa programu ya namna hiyo. Mikato yaweza kuwa mahali pake, na rejeo likawa uongo mtupu. Hivyo kanuni iliyo kuu kuliko zote ni hii: usitaje kazi ambayo hukuisoma. Ukilipata wazo la mtu kupitia kitabu cha mwingine, sema kwamba umelipata huko.

Tunashauri basi kila mwanachuo awe na daftari dogo la marejeo. Unapofungua kitabu, kabla ya kusoma sura ya kwanza, nakili viungo vyote kutoka ukurasa wa jina. Unaponukuu, weka namba ya ukurasa papo hapo. Ukitumia mtandao, andika anwani na tarehe uliyousoma. Muswada ukikamilika, linganisha majina yaliyomo ndani ya makala na yale ya orodha ya mwisho, moja baada ya jingine.

Watoto humwamini mwalimu wao bila kumwuliza ameyatoa wapi anayosema. Kwa sababu hiyohiyo, mwalimu hana budi kujua ameyatoa wapi.