Chambo Kimepungua


Kasino ya serikali hapa Stockholm, iliyofunguliwa mwaka 2003, ilifungwa Aprili 2025. Kamari ingalimo simuni, na wenzetu wachezao wanalalamika: tangu sheria ya 2019, kampuni humpa mchezaji zawadi mara moja tu, aanzapo.

Twauliza: zawadi hiyo yatoka wapi? Ni kodi ya nyumba na viatu vya baridi vya watoto, vikirudishwa kwa uchache. Mtego bila chambo haunasi. Basi kupungua kwake ni rehema.

Liko daftari la Spelpaus, lizuialo kampuni zote zenye leseni kumchezesha aliyejiandikisha. Ila hujiandikisha mwenyewe. Tuketi na ndugu zetu, tuwasitiri, tusiwaaibishe, mpaka waandike.

Wabillahi taufiq.