Mipira mikubwa peke yake si dawa ya barabara mbovu

Kila mwaka mvua za Septemba zikianza Kivu Kusini, wenye magari ya 4x4 wanakimbilia gareji. Wale wanaobeba watu na mizigo kutoka Bukavu kwenda Mwenga, Kamituga ao Shabunda wanajua kinachowangoja: potopoto inayofika mlangoni, mashimo yanayomeza gurudumu zima, usiku wa kulala porini. Kwa hiyo wengi wanaomba kitu kimoja tu: mipira mikubwa. Fundi anatoa ile ya zamani, anafunga mipya yenye meno marefu, gari linasimama juu kama mnara. Abiria wakiliona wanafurahi. Wanasema hili litafika.

Huenda litafika kweli. Lakini chini ya mipira hiyo mipya kumebaki ponti ile ile, freni zile zile na beringi zile zile, vyote vimetengenezwa kwa ajili ya mpira mdogo. Mpira unaonekana na unavuta wateja. Ponti, ule mhimili wa chuma unaobeba magurudumu mawili na uzito wote wa gari, haionekani, na hakuna abiria anayeuliza habari zake. Ndiyo maana matengenezo mengi yanaanzia mahali pa mwisho. Na watu wanaolipa kosa hilo ni wale waliokaa nyuma juu ya magunia.

Mwenye gari hana kosa la kutafuta njia ya kupita. Kongo ina barabara za taifa na za majimbo zinazozidi kilometa 58,000, na sehemu ndogo sana ndiyo yenye gudroni. Mtu anayeishi kwa kazi ya kusafirisha hawezi kungoja gudroni ifike Shabunda ndipo aanze kulisha watoto. Gari lililotoka kiwandani kwa ajili ya barabara za kawaida linahitaji kuongezewa nguvu. Swali ni kuongeza nini kwanza, na kwa kiasi gani.

Mpira mkubwa unatoa nini, unachukua nini

Faida ya mpira mkubwa ni ya kweli. Watu wengi wanafikiri kuinua gari kwa resori ndefu kunatosha. Resori inainua bodi tu. Ponti yenyewe, pamoja na lile boga la chuma katikati yake lenye diferensiali, inabaki palepale na inaendelea kugonga mawe. Kitu kinachoinua ponti kutoka ardhini ni mpira. Mpira wa 7.50R16, ambao shoferi wengi wa Land Cruiser za kazi wanaufahamu, una kimo cha karibu sentimeta 80. Ukiuondoa na kuweka wa sentimeta 88, ponti inapanda sentimeta 4, yaani nusu ya tofauti. Katika njia yenye mitaro iliyochimbwa na malori, sentimeta 4 zinaweza kutenganisha gari linalopita na gari linalolala kwa tumbo.

Lakini hizo sentimeta 8 za kimo zina bei yake. Mpira uliozidi kwa sehemu 10 kwa 100 unafanya kazi kama mtu aliyeongeza hatua zake: kila mzunguko mmoja unakwenda mbali zaidi, na mashini inapaswa kusukuma kwa nguvu zaidi. Gari linakuwa zito kwenye mlima. Shoferi anarudi vitesi ya kwanza pale alipokuwa anapanda na ya pili, mafuta yanakwisha haraka, na klachi inaungua mapema.

Kuna jambo lingine ambalo shoferi wengi hawaambiwi. Saa ya mwendo mbele yao inaanza kusema uongo. Inapoonyesha kilometa 60 kwa saa, gari linakimbia 66. Tofauti inaonekana ndogo, lakini nguvu inayohitajika kusimamisha gari haiongezeki kwa kiasi kile kile: inapanda kwa zaidi ya moja ya tano. Freni, kwa upande wao, zinapambana na gurudumu refu zaidi na zito zaidi.

Basi afikiriwe shoferi wa gari kama hilo anayetelemka Ngomo, ule mteremko wa kona nyingi kwenye njia ya Bukavu kwenda Uvira, kabla ya kufika Kamanyola. Mlango umejaa, juu kuna magunia, watu wamekaa juu ya magunia. Kwa sababu mipira ni mikubwa, mashini haishikilii gari kwa nguvu kama zamani katika vitesi ya chini. Kwa hiyo anakanyaga pedali mara nyingi. Freni zinapata moto, zinaanza kunuka, kisha mguu unazama bila gari kupunguza mwendo. Gari limeinuliwa, uzito uko juu, kona iko mbele. Mipira ile iliyosifiwa asubuhi kwenye kituo haina msaada wowote hapo.

Ponti kwanza

Fundi mwenye akili anaanzia chini. Jambo la kwanza ni kujua gari lina ponti ya aina gani. Katika Land Cruiser za kazi, uzito wa gari unabebwa na bomba la nje la ponti, na ile shafti ya ndani inazungusha gurudumu tu. Shafti ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake, na shoferi anaweza kusimama salama. Katika magari kama Prado na Hilux nyingi, shafti ya nyuma inafanya kazi mbili: inazungusha na inabeba. Ikikatika karibu na gurudumu, gurudumu linaweza kutoka na kukimbia peke yake. Kuvalisha gari la aina hii mipira ya kutisha, kisha kulipakia kama lori, ni kucheza na maisha ya watu.

Jambo la pili ni uwiano wa diferensiali. Kama ponti ni ya 4.10, maana yake shafti ndefu inayotoka kwenye bwati ya vitesi inazunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Mpira ukiongezeka kwa sehemu 10 kwa 100, ponti inapaswa kuwa karibu 4.5 ili gari lirudi kwenye nguvu zake za zamani. Mabadiliko hayo yanafanywa mbele na nyuma pamoja. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Ponti nyingi zinazouzwa katika miji ya mashariki zimetolewa kwenye magari yaliyokufa. Mtu ananunua ponti ya nyuma yenye uwiano mmoja na kuacha ya mbele yenye uwiano mwingine. Siku anapofunga 4x4 kwenye ardhi ngumu, ponti mbili zinavutana kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja, mpaka kimoja kinavunjika. Kabla ya kulipa, magurudumu yazungushwe kwa mkono na mizunguko ihesabiwe. Kazi hiyo ni ya dakika chache.

Jambo la tatu ni janti. Ili mipira mipana isiguse bodi, kuna wanaoweka janti zinazotoka nje sana, ao vipande vya chuma kati ya janti na ponti. Gari linapendeza kwa macho. Lakini gurudumu likisogea nje, beringi inabeba uzito kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ulionyooka badala ya kuiweka karibu na mwili. Itachoka mapema tu.

Ponti ikishakaguliwa, beringi zikibadilishwa, freni zikipata vitambaa vipya na mafuta mapya, hapo ndipo zamu ya mipira inafika. Na mpira bora si lazima uwe mpana. Kwenye potopoto nyepesi iliyo juu ya ardhi ngumu, mpira mwembamba wenye meno yaliyoachana unakata mpaka chini na kushika, lakini mpana unaelea na kuteleza. Mpira mpana unafaa zaidi mahali ambapo chini hakuna kigumu, kama kwenye mchanga. Shoferi wengi wa zamani wanajua hilo bila kulisoma mahali popote.

Mpira wenyewe pia unasema ukweli kwa anayejua kuusoma. Pembeni kuna namba nne zilizofungwa pamoja: 2318 maana yake ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2018. Mpira uliotumika unaweza kuwa na meno mazuri lakini umezeeka kiasi cha kupasuka ukipata moto. Kuna pia namba ya uzito: 112 inaruhusu kilo 1,120 kwa mpira mmoja, 121 inaruhusu kilo 1,450. Mipira miwili inaweza kufanana kama mapacha, na mmoja usiweze kubeba kile mwenzake anachobeba. Tena, mingi ya magari haya yanakwama kwa sababu mipira imejazwa pumzi kama jiwe. Kupunguza pumzi kidogo kwenye potopoto, kisha kuirudisha kabla ya kukimbia, kunaweza kusaidia kuliko kununua mipira minne mipya.

Nguvu mpya, mzigo mpya

Pamoja na hayo yote, tatizo kubwa liko kwa watu, si kwenye chuma. Gari likishapata mipira mikubwa na ponti nene, mwenye nalo anaona limepata haki ya kubeba zaidi. Resori inaongezwa majani, magunia yanaongezwa, watu wanaongezwa. Nguvu iliyotafutwa ili kupita salama inageuka nafasi ya kupakia bila mpaka. Baada ya miezi michache, ponti ile mpya iko katika hali mbaya kuliko ya zamani.

Na barabara inalipa pia. Majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960, kwa malori yaliyozungushwa usiku na mchana juu ya barabara zilizojengwa kwa kazi hiyo, yalionyesha kwamba uzito juu ya ponti moja ukizidi mara mbili, uharibifu wa gudroni unafika karibu mara 16. Barabara ya udongo iliyolowa haina hata ugumu wa gudroni ile. Ndiyo maana zamani palikuwa na bariere za mvua: mvua ikinyesha, magari yanangoja masaa machache mpaka ardhi ikauke. Leo bariere nyingi zimebaki za kukusanya franga tu. Mwenye mipira mikubwa anapita katikati ya mvua kwa sababu anaweza, anachimba mtaro, na kesho anayekuja nyuma yake anahitaji mipira mikubwa zaidi. Hivyo kila mtu anatafuta dawa ya ugonjwa anaouongeza mwenyewe.

Wenye magari watajibu kwamba makuta hayatoshi: mipira peke yake imekula akiba, ponti na freni zitatoka wapi? Jibu hilo lina uzito, kwa sababu kazi hii haitajirishi wengi. Lakini hesabu ifanywe mpaka mwisho. Shafti ikikatika katikati ya msitu, gari linalala siku nyingi, fundi anapelekwa kwa pikipiki, mizigo inaoza, abiria wanadai nauli. Asiyekuwa na makuta ya kuimarisha ponti pamoja na mipira ana njia nyingine ya bei ndogo: abaki na mpira wa kimo cha kiwanda, wenye meno mazuri na namba ya uzito inayofaa, atengeneze freni, na apunguze magunia. Gari hilo litapita sehemu nyingi ambazo mnara wa jirani unapita, na litashuka salama.

Wenye mamlaka nao wana sehemu yao. Nchi ina sheria ya mwendo barabarani tangu 1978, na kontrole teknike iko. Ila njiani kinachoombwa zaidi ni karatasi, na karatasi ikipatikana ao noti ikitolewa, gari linapita. Polisi anayeinama dakika mbili kutazama beringi inayovuja mafuta na kuhesabu watu walio juu ya magunia angeokoa wengi kuliko yule anayehesabu mihuri. Na mfuko wa matengenezo ya barabara, FONER, uko tangu 2008. Shoferi anaulipia kila anaponunua mafuta na kila anapofika kwenye kituo cha malipo. Ana haki ya kuuliza kwa nini, baada ya miaka yote hii, bado anapaswa kugeuza gari la watu kuwa trekta ili afike Kamituga.

Swali hilo liendelee kuulizwa kwa sauti kubwa. Lakini linapongoja jibu, magari yanaondoka kila asubuhi. Abiria anayepanda kesho anaweza kufanya jambo dogo: asitazame ukubwa wa mpira. Ainame, atazame nyuma ya gurudumu kama kuna mafuta yanayovuja, kisha amuulize shoferi freni zimetengenezwa lini. Shoferi mwenye jibu anastahili nauli yake. Asiyekuwa nalo aachwe aende peke yake na mipira yake.