ADUI MWENYE KOTI

Wako wazazi wasemao kwamba kichomi ni kichomi tu: mtoto mmoja hukohoa akapona, mwingine akafa, na yote ni bahati. Sisi hatukubali. Tofauti hiyo ina sababu, na moja iliyo kubwa imo katika kijidudu chenyewe.

Vijidudu viitwavyo nyumokoko ni miongoni mwa vinavyoleta kichomi kikali kwa watoto. Viko vya aina 100 na zaidi, wala ukali wao si sawa. Silaha yao kubwa ni koti laini la sukari. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili, hushindwa kumshika adui aliyejivika koti hilo. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Frederick Griffith, alilionyesha jambo hili kwa panya. Vijidudu visivyo na koti havikuwaua; vyenye koti viliwaua. Tena alipochanganya vyenye koti vilivyokwisha kufa kwa joto na visivyo na koti vilivyo hai, panya walikufa: vile dhaifu vilikuwa vimerithi koti la wafu.

Chanjo huufundisha mwili kulitambua koti hilo kabla adui hajaingia. Tanzania ilipoanza kutoa chanjo ya nyumokoko kwa watoto wote mwaka 2013, ilitumia ile yenye kinga ya aina 13. Aina zilizobaki ni nyingi. Kwa hiyo chanjo peke yake haitoshi.

Basi tunawaambia wananchi wa Berega, na wa vijiji vyote vya Ukaguru ambako baridi huwakusanya watoto penye moshi wa jikoni: mtoto apate sindano zote tatu, ya wiki 6, ya 10 na ya 14. Akipumua mbio, au kifua kikibonyea avutapo pumzi, apelekwe hospitali siku ile ile. Na dawa aliyopewa aimalize, kwani vijidudu hivi huizoea dawa itumiwayo ovyo.

Balozi wa nyumba kumi anaijua kila nyumba yenye mtoto mchanga. Aulize kadi ya kliniki kama aulizavyo kadi ya chama. Na mwajiri ampe mama mfanyakazi ruhusa ya siku ya chanjo, bila kumkata mshahara. Mtoto anayekufa kwa kukosa sindano isiyo na malipo hakuuawa na bahati. Ameuawa na uzembe wetu.