Debe moja la mahindi na hesabu ya mlevi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu Waislamu, mavuno yanapokamilika Sumbawanga na katika nyanda za juu za Ufipa, fedha za mahindi, maharage na ulezi huingia mikononi mwa wakulima. Hapo ndipo kilabu cha pombe na kamari navyo hupata wateja.

Mwaka 1988 wachumi wawili wa Marekani, Gary Becker na Kevin Murphy, walitoa nadharia kuwa hata aliyetawaliwa na ulevi hupiga hesabu: hupima raha ya leo na madhara ya kesho, kisha huchagua. Sisi hatuwacheki. Qur'ani Tukufu, katika Surat al-Baqara aya ya 219, haikukanusha kuwa ulevi na kamari vina manufaa fulani kwa watu. Iliyapima pamoja na madhambi yake, ikatufahamisha kuwa madhambi ndiyo makubwa zaidi.

Kasoro ya hesabu ya mlevi ni kwamba anayehesabu ni mmoja, ilhali wanaolipa ni wengi. Tuchukue mfano wa baba anayeuza debe moja la mahindi kila wiki ili aende kilabuni. Machoni pake debe moja si kitu. Lakini tangu mwanzo wa Julai hadi mwisho wa Desemba ni madebe 26, yaani zaidi ya magunia manne ya debe sita sita. Mama aliyelima na kupalilia pamoja naye hakuulizwa. Mtoto anayesubiri sare na madaftari ya Januari hakuulizwa. Wala hawakuulizwa wazazi wa kijana aliyeweka fedha ya mbolea kwenye mkeka wa mpira.

Wachumi hao walisema pia kwamba ulevi wa jana huongeza kiu ya leo, na kwamba mazoea mazito huachwa kwa kukatwa mara moja. Waislamu tunalijua hilo. Lilipoteremka katazo la mwisho katika Surat al-Maida, masahaba wa Madina hawakuomba muda wa kumalizia mitungi. Waliimwaga pombe ikatiririka njiani. Na ambaye mwili wake unatetemeka anapoacha, apelekwe hospitali. Kutafuta tiba si aibu.

Basi tunanasihi: kabla ya gunia la kwanza kuuzwa, baba na mama wakae pamoja. Itolewe zaka kwa aliyefikia nisabu, kitengwe chakula cha hadi mavuno yajayo, kisha mbegu, mbolea na mahitaji ya watoto. Ikibaki ziada, waamue wote wawili.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Siku ya Kiyama mja ataulizwa kuhusu mali yake: aliichuma wapi na aliitumia katika nini. Ni heri tuizoee hesabu hiyo tukiwa bado na mahindi ghalani.

Wabillahi tawfiq.