Mia Moja na Moja kwa Mia Moja

Vijana wengi wapendao mpira wa kikapu huuliza swali moja tu mchezo ukiisha: «Nani amefunga?» Wakiisha kujibiwa, huridhika na kwenda zao. Leo twapenda kuwaonyesha ya kuwa swali hilo halitoshi. Kando ya uwanja huketi watu wenye kuandika kila tendo la kila mchezaji, na karatasi yao yafundisha mengi kuliko jina la mfungaji. Basi tutwae mchezo mmoja wa kweli, tuisome hesabu yake polepole, kama mwalimu aonyeshavyo ubaoni.

Mchezo huo ulichezwa London tarehe 20 Julai 2024, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Paris. Ulikuwa mchezo wa kirafiki, wa kujipima nguvu. Upande mmoja walisimama Wamarekani, wachezaji wakubwa wa ligi yao iitwayo NBA. Upande wa pili walisimama vijana wa Sudan Kusini, jirani zetu wa kaskazini-mashariki, ambao nchi yao ilipata uhuru mwaka 2011 tu. Mwaka 2023, katika Kombe la Dunia, walikuwa wamezipita timu nyingine zote za Afrika, na kwa njia hiyo wakapata nafasi ya kwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, wenye kutabiri walisema ya kuwa Marekani itawashinda kwa tofauti ipitayo pointi 40.

Tazameni sasa yaliyoandikwa. Ilipofika nusu ya mchezo, Sudan Kusini ilikuwa na pointi 58, Marekani 42. Mwishoni Marekani ilikuwa na 101, Sudan Kusini 100. Ninyi wanafunzi, toeni hesabu wenyewe. Katika nusu ya pili Marekani ilipata pointi 59, na Sudan Kusini 42. Maana yake, Sudan Kusini iliongoza kwa 16 katika nusu ya kwanza, ikapitwa kwa 17 katika nusu ya pili. Mtu asomaye mwisho tu husema: «Walishindwa kwa pointi moja, katika dakika ya mwisho.» Lakini karatasi yasema neno jingine: walishindwa katika nusu ya pili, si katika dakika ya mwisho tu. Ndivyo yalivyo mambo mengi ya maisha. Mwanafunzi aangukaye katika mtihani hakuanguka siku ya mtihani.

Ni kweli, lakini, kwamba mwisho ule ulikuwa wa kushika roho. Sudan Kusini ilisimama hata ikaongoza tena, 100 kwa 99. Zilipobaki sekunde nane tu, LeBron James, mtu mwenye miaka 39, aliuendea ubao akafunga. Vijana wa Sudan Kusini walijaribu kujibu, mpira ukakataa kuingia. James alimaliza na pointi 25. Yule asomaye safu ya pointi tu atamwona yeye, tena atamwona Marial Shayok, aliyefunga kuliko wenzake wote wa Sudan Kusini. Nao walistahili sifa.

Sasa twaomba macho yenu yahamie kwenye safu za pembeni. Moja huhesabu mipira iliyokosa kikapu, ikarudi, ikadakwa. Nyingine huhesabu pasi zilizozaa kikapu, yaani mchezaji amempa mwenzake mpira, na mwenzake akafunga papo hapo. Mbele ya jina la Carlik Jones wa Sudan Kusini iliandikwa hivi: pointi 15, mipira iliyodakwa 11, pasi zilizozaa kikapu 11. Kufikisha kumi katika safu tatu kwa mchezo mmoja ni jambo lisiloonekana mara nyingi, tena mbele ya Wamarekani!

Pigeni hesabu tena. Kikapu cha kawaida huleta pointi mbili, na kikapu cha mbali huleta tatu. Pasi 11 za Jones zilileta basi pointi 22 au zaidi. Ongezeni zile 15 alizofunga mwenyewe, mnapata 37. Maana yake, katika pointi 100 za timu yake, zisizopungua 37 zilipitia mikononi mwake. Lakini mwenye kuuliza «Nani amefunga?» hatasikia ila kumi na tano. Zile nyingine zimeandikwa kwa majina ya wenzake, na ndivyo ipasavyo.

Tusifiche jambo: Jones alizaliwa Marekani, akapewa uraia wa Sudan Kusini, kwa kuwa kanuni za mchezo huruhusu kila timu kuwa na mtu mmoja wa namna hiyo. Hilo halipunguzi kazi yake. Kuna wenye kuzaliwa katika nyumba wasioifanyia kitu, na kuna mgeni apokewaye akaijenga.

Tena kuna mambo ambayo hata karatasi ile haiyaandiki. Wakati ule Sudan Kusini haikuwa na hata uwanja mmoja wa mpira wa kikapu wenye paa. Rais wa shirikisho lao wakati huo, Luol Deng, alizaliwa Wau mwaka 1985. Vita viliwafukuza yeye na jamaa yake mpaka Misri, kisha wakapokewa London, katika mji ule ule wa mchezo huu. Alikuwa mchezaji mashuhuri wa NBA, na alipoacha kucheza alitoa mali yake ili vijana wa nchi yake wapate kusafiri na kujizoeza. Yeye hakufunga hata pointi moja siku ile. Ni nani atakayethubutu kusema kwamba hana sehemu katika zile mia moja?

Na sisi wa Congo tunaye shahidi wetu. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliyefariki tarehe 30 Septemba 2024, hakuwa mfungaji mkubwa. Sifa yake ilikuwa kuwazuia wengine wasifunge. Katika NBA aliizuia mipira 3,289 hewani, na ni mtu mmoja tu aliyempita. Mara nne alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa mwaka. Kama waamuzi wa sifa wangalisoma safu ya pointi peke yake, jina lake lisingalikumbukwa.

Wengine watauliza: hesabu hiyo yote iliwafaa nini Sudan Kusini, nao wameshindwa? Twajibu kwanza ya kuwa kushindwa ni kushindwa. Karatasi haina safu ya neno «karibu». Lakini siku nane baadaye, tarehe 28 Julai, huko Ufaransa, waliifunga Puerto Rico 90 kwa 79, na huo ndio ushindi wao wa kwanza katika Olimpiki. Tarehe 31 walikutana tena na Wamarekani, ambao nao walikuwa wamejifunza. Safari hii ilikuwa 103 kwa 86. Kisha Serbia ikawashinda 96 kwa 85, wakarudi nyumbani, nao Wamarekani wakaendelea mpaka medali ya dhahabu. Hata mwenye nguvu husoma karatasi yake, wala hadharau pointi moja.

Basi, twawapa wanafunzi kazi ya Jumapili ijayo. Timu zenu zitakapocheza, mmoja wenu asiyecheza aketi kando na daftari, achore safu nne: pointi, mipira iliyodakwa, pasi zilizozaa kikapu, na mipira iliyopotezwa bure. Mchezo ukiisha, someni majina yote kwa sauti, safu kwa safu. Huenda mkamwona kijana mmoja ambaye hakuna aliyempigia makofi, naye ndiye aliyewashindia. Nanyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani kutoka uwanjani, msimwulize kwanza amefunga mara ngapi. Mwulizeni amempasia nani.