Nani Kachinja, na Nani Kakagua?



Muislamu anapofika buchani, swali lake la kwanza ni moja: nani kachinja? Ni swali la haki, wala hatulibezi. Lakini lipo swali la pili ambalo aghalabu haliulizwi: nani kakagua? Kur'ani Tukufu inapotuamrisha kula huviunganisha vitu viwili, kilicho halali na kilicho twayyib, yaani kizuri na kisafi. Anayeshika kimoja akakiacha cha pili ameshika nusu ya amri.

Mchinjaji akishataja jina la Mwenyezi Mungu na kukata inavyopasa, ametimiza sharti lake. Kifua kikuu kilichomo mapafuni mwa ng'ombe, au vifuko vya minyoo ya tegu ndani ya nyama, hivyo si kazi ya kisu kuvibaini. Ni kazi ya mkaguzi wa nyama, ambaye humtazama mnyama akiwa hai, kisha hupasua ini, mapafu, moyo na tezi baada ya kuchinjwa, ndipo apige muhuri. Nyama isiyo na muhuri ni nyama ambayo mnunuzi hana habari zake, hata ikiwa aliyeichinja ni mcha Mungu.

Kwa sisi wa Ilomba jambo hili si la mbali. Kata yetu imo ndani ya Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Madereva wa malori, abiria, wanafunzi na wachuuzi hula chakula kilichopikwa na mikono wasiyoijua. Kila sahani inayotolewa ni amana, na anayelipa fedha yake hana uwezo wa kuingia jikoni kuona maji yametoka wapi. Kwa sababu hiyo jamii imemteua mtu wa kuingia kwa niaba yake. Wazee wetu walimwita bwana afya. Leo ni afisa afya.

Mamlaka yake ni ya kisheria. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliunda TFDA, na Julai 2019 kazi ya usalama wa chakula ikahamishiwa Shirika la Viwango (TBS). Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 nayo imezipa halmashauri wajibu wa kulinda afya za watu wao. Taasisi za juu hubadilika majina, lakini anayefika mlangoni kwa mama lishe ameendelea kuwa afisa wa halmashauri. Hutazama maji, choo, mahali pa kunawia mikono, hifadhi ya chakula na cheti cha afya cha mpishi.

Wapo wasemao huo ni usumbufu tu. Tuwakumbushe. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilienea mikoani, na hadi kufikia mwaka uliofuata kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 20,000 nchini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliwaua watu 20 kati ya 68 waliougua. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupika ugali ukaiva. Ndiyo maana ukaguzi wa kweli hauishii mezani, huingia ghalani.

Wala Muislamu asidhani kuwa ukaguzi ni desturi ya kigeni. Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni aliingiza mkono wake katika rundo la nafaka, akakuta unyevu chini, akamkemea mwenye mali kwa kuificha sehemu iliyolowa na mvua. Baadaye miji ya Waislamu ikawa na muhtasib, msimamizi wa soko. Katika karne ya 12, al-Shayzari aliandika mwongozo wa kazi hiyo, akataka mkanda unga afunike uso asije akapiga chafya juu ya donge, na afunge kitambaa kipajini ili jasho lisidondoke. Hayo yaliandikwa karne nyingi kabla vijidudu vya maradhi havijajulikana.

Hata hivyo, haki haina upande mmoja. Ukaguzi unaokuja na kipindupindu na kuondoka nacho si ukaguzi, ni kuzima moto. Ukaguzi unaomalizika kwa noti iliyokunjwa kiganjani ni rushwa, nayo ni haramu kwa mtoaji na kwa mpokeaji. Na ukaguzi unaomwaga sufuria la mjane huku ukilipita duka kubwa lenye bidhaa zilizokwisha muda ni dhulma. Afisa na afike bila taarifa, aandike alichokiona, aeleze kosa, atoe muda wa kurekebisha, na faini iwe na stakabadhi. Halmashauri nayo, inayokusanya ushuru sokoni, inadaiwa maji na vyoo katika soko hilohilo. Kumtoza mtu faini kwa kukosa maji ambayo hayakuletwa ni kumdai asichopewa.

Tuangalie pia majiko yetu wenyewe. Futari, walima na akika hulisha mamia ya watu, na hakuna anayekagua. Pilau hupikwa alfajiri, ikaliwa alasiri. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka. Chakula kikiachwa kipoe taratibu sufuriani huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida, na kinachosubiri walaji kihifadhiwe kikiwa moto zaidi ya nyuzi 60. Hili halihitaji fedha nyingi. Linahitaji kupika karibu na wakati wa kula, na ndoo ya maji yenye koki na sabuni kwa wanaopakua.

Kwa hiyo tunazishauri kamati za misikiti zimwalike afisa afya wa kata kabla ya Ramadhani awaelimishe wapishi wetu. Tunawasihi waumini waulize muhuri buchani bila haya, na wanapoona uchafu watoe taarifa ofisi ya kata badala ya kunong'ona. Na mfanyabiashara Muislamu asingoje kukaguliwa: anayemwogopa afisa huwa msafi siku anapokuja, bali anayemwogopa Allah huwa msafi kila siku.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kilicho kizuri, na atujaalie uaminifu katika kuuza, kununua na kusimamia. Amin.