Bima ya Afya kwa Wote: Zaka Zetu Ziko Wapi?

Ndugu Waislamu, Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, baada ya muswada wake kuahirishwa mwaka 2022. Lengo ni jema: mgonjwa asikose tiba kwa kukosa fedha.

Lakini tuitazame kutoka hapa Mzenga. Mtumishi wa serikali hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri humwongezea 3. Mkulima wetu wa mihogo na korosho hana mshahara wala mwajiri. Mchango wote wamtoka yeye, na fedha huziona kwa msimu.

Kwa wasio na uwezo, sheria imeweka mfuko maalumu. Miongoni mwa vyanzo vyake ni ushuru wa vileo na michezo ya kubahatisha. Hatumlaumu fukara atakayetibiwa kwa mfuko huo. Ni haki yake kama raia. Twauliza: vipi yatima wetu angojee fedha za ulevi na kamari, ilhali Mwenyezi Mungu amewawekea mafukara na masikini fungu lao katika zaka?

Kwa hiyo twapendekeza kila msikiti uunde kamati ya zaka. Iziorodheshe kaya za wajane, yatima na wazee wasiojiweza. Ikusanye kwa waliofikia nisabu, iwakabidhi wanaostahiki, kisha iwasindikize kujiandikisha. Hesabu isomwe hadharani baada ya Swala ya Ijumaa.

Serikali itimize wajibu wake, nasi tutimize wetu.

Wabillahi tawfiq.